Mashine Haifundishi Peke Yake

Tangu shule zetu zianze kuzungumza juu ya kompyuta, tableti na simu za kufundishia, swali linalowafikia katika mikutano ya wazazi ni lile lile: "Kila mzazi achange ngapi?" Sisi walimu tunaona swali hilo linakuja mapema mno. Kuna lingine la kutangulia: mashine ikifika, nani atajifunza kuitumia, atajifunza lini, na nani atamwongoza?

Shule isiyo na jibu la swali hilo, hata ikipewa kompyuta ishirini, watoto watabaki walipokuwa. Shule yenye jibu inaweza kufanya kazi kubwa kwa simu mbili tu. Tunaandika haya ili mama akiitwa kuchanga, ajue la kuuliza kabla ya kufungua kitambaa chake cha pesa.

Mashine inafika, halafu?

Hapa Kindu kitu hakifiki kwa urahisi. Kompyuta imepanda ndege, au imekuja kwa gari-moshi siku nyingi, au imepanda mto kutoka Ubundu, au imefungwa nyuma ya pikipiki. Ikifika, inataka umeme, na umeme tunaujua wenyewe. Inataka fundi, na kipuri kikivunjika kinaagizwa mbali. Kwa hiyo shule inapopokea mashine inafurahi, inapiga picha, na direkta anaifunga ofisini ili isiibiwe.

Tumeona mashine za namna hiyo. Zimefunikwa kitambaa kizuri, na vumbi liko juu ya kitambaa. Hakuna mtu aliyekosa nia njema. Direkta aliogopa kuharibu kitu cha thamani. Walimu waliogopa kuonekana hawajui mbele ya wanafunzi. Na hakuna aliyepewa kazi ya kuwaondolea woga huo. Wengi wetu tulijifunza "informatiki" ubaoni: mwalimu anachora kibodi kwa chaki, sisi tunanakili katika daftari. Mtu aliyejifunza hivyo anaweza kupata alama nzuri katika mtihani na bado asijue kuwasha mashine.

Wenzetu walijaribu, tusome kwao

Mambo haya si ya Kindu peke yake. Nchi ya Peru, kule Amerika ya Kusini, iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto wa shule. Watafiti walipowapima watoto baada ya miezi 15, hawakuona tofauti katika hesabu wala katika lugha kati ya shule zilizopata kompyuta na zile ambazo hazikupata. Watoto walizoea mashine. Lakini somo lilibaki lile lile, kwa sababu namna ya kufundisha ilibaki ile ile.

Kenya nayo iliahidi mwaka 2013 kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zilipofika mwaka 2016 zilikuwa tableti, na jumla yake ilipita milioni moja. Hiyo ni kazi kubwa, wala hatuicheki. Lakini habari zilizotoka huko ni zile tunazozijua: katika shule nyingi tableti zilikaa kabatini, pengine kwa sababu ya umeme, pengine kwa hofu ya wezi, na mara nyingi kwa sababu mwalimu alipata mafunzo ya siku chache tu, kisha akaachwa peke yake.

Jaribio linalotufundisha zaidi lilifanyika katika Kenya hiyo hiyo, karibu na ziwa Viktoria, Kisumu, mnamo mwaka 2013. Kulikuwa na mpango wa kusaidia watoto wa madarasa ya chini kujua kusoma, ulioitwa PRIMR. Waliokuwa wakiuongoza walitaka kujua: tukiwa na fedha za vifaa, tumpe nani? Wakapanga shule katika mafungu. Katika fungu la kwanza, tableti alipewa mshauri wa walimu, yaani yule anayezunguka shule hadi shule, kukaa darasani na kumsaidia mwalimu. Katika la pili, alipewa mwalimu. Katika la tatu, watoto wenyewe walipewa kifaa cha kusomea vitabu.

Mafungu yote matatu yalifanya vizuri kuliko shule ambazo hazikuwa katika mpango. Lakini kati ya mafungu yenyewe, tofauti ilikuwa ndogo sana. Sasa fikirieni gharama, mama. Mshauri mmoja anahudumia shule nyingi, na darasa moja lina watoto makumi. Kumpa mshauri kifaa kimoja kulileta faida karibu sawa na kuwapa watoto wote vifaa, kwa gharama ndogo kuliko zote.

Kenya ilishika funzo hilo. Mwaka 2015 ulipoanza mpango wa Tusome katika shule za msingi za serkali nchi nzima, watoto walipewa vitabu vya karatasi, kila mtoto chake. Walimu walipewa mwongozo wa masomo. Tableti walipewa washauri, zaidi ya elfu moja. Mshauri anaingia darasani, anafuata somo mpaka mwisho, anaandika alichokiona, anasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha anakaa na mwalimu na kumwambia: hapa umefaulu, hapa tubadilishe. Watoto waliopimwa baadaye walikuwa wanasoma vizuri kuliko waliowatangulia. Mashine pale ilimsaidia mtu anayemsaidia mwalimu.

Sisi tuna nini tayari?

Mtu atasema: Kenya ni Kenya, sisi tutatoa wapi washauri wenye tableti? Lakini shule za Kongo tangu zamani zina vyombo vyake. Kila shule inapaswa kuwa na kile tunachokiita yunite pedagojike, yaani walimu wa shule moja wanaokutana kuzungumza juu ya kazi yao: somo gani ni gumu, nani ana njia nzuri ya kulifundisha. Na shule za jirani zinapaswa kukutana katika selile ya msingi. Direkta naye ana kazi ya kutembelea kalasi, si kukaa ofisini na karatasi tu.

Tena sisi tuliopita katika masomo ya ualimu tunajua kritiki. Mwanafunzi wa ualimu anafundisha, wenzake wanakaa nyuma wakiandika, na somo likiisha wanamwambia mema na mabaya bila kumficha. Inauma siku ya kwanza, lakini ndiyo inayotengeneza mwalimu. Ubaya ni kwamba tukishapata kazi, kritiki inakwisha. Mwalimu anafunga mlango wa kalasi yake, na anaweza kufundisha miaka mingi bila mwenzake kumwona.

Basi simu moja yenye kamera inaweza kurudisha kritiki hiyo. Tueleze namna ya kufanya, kwa sababu haihitaji intaneti wala fedha nyingi.

Walimu wanachagua somo moja gumu, kwa mfano kutoa kwa kukopa katika darasa la tatu. Mmoja anakubali kufundisha, na mwenzake anapiga video ya dakika kumi. Siku ya yunite pedagojike wanakaa pamoja na direkta, wanaangalia video mara mbili. Mara ya kwanza wanamwangalia mwalimu. Mara ya pili wanaangalia watoto tu: nani alijibu, nani hakuulizwa hata mara moja, wasichana waliokaa nyuma walisema nini. Wanakubaliana jambo moja la kubadilisha, moja tu. Juma linalofuata somo linafundishwa tena katika kalasi nyingine, na linapigwa video tena. Kazi ikiisha, video inafutwa.

Direkta ndiye ufunguo hapo. Akikaa na walimu na kusema "na mimi nifundisheni namna ya kufungua hii video," kila mtu anapumua, hata mwalimu mzee aliyekuwa akijificha. Lakini direkta akiitumia video kuwatisha walimu au kuwapeleka kwa inspekta, hakuna atakayekubali tena kupigwa picha. Kuongoza teknolojia shuleni ni kuwafanya wakubwa na wadogo wajifunze pamoja bila aibu. Hata direkta asiyejua kompyuta vizuri anaweza kuongoza hivyo, mradi atenge saa na aitunze saa hiyo isiliwe na mambo mengine.

Vitabu katika kadi ya simu

Tangu elimu ya msingi ya serkali iwe bila malipo mwaka 2019, kalasi zimejaa, na vitabu havikuongezeka kama watoto walivyoongezeka. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka watoto waanze kusoma kwa lugha ya taifa inayosemwa kwao, na huku Maniema lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya mtoto mdogo viko wapi?

Hapo simu inasaidia kweli. Kuna mradi wa African Storybook unaotoa hadithi fupi za watoto zenye picha, bila malipo, katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Kuna pia programu ya Kiwix, inayomwezesha mtu kusoma kamusi elezo ya Wikipedia bila intaneti: unaipakua mara moja mahali penye mtandao, unaiweka katika kadi ya kumbukumbu, na kadi hiyo inazunguka kwa walimu wote bila kununua mega tena. Mwalimu anaandika hadithi ubaoni, au anainakili kwenye karatasi kubwa, na watoto sabini wanasoma kutoka kwa simu moja ambayo hata hawakuigusa.

Angalieni kwamba hapo tena kazi ni ya mwalimu. Kiswahili cha hadithi nyingi ni cha Kenya na Tanzania. Maneno mengine watoto wetu wa Kasuku au Mikelenge hawayajui. Walimu wakikaa pamoja wanaamua: neno hili tubadilishe, hili tuwafundishe.

Na tusiisahau radio

Shule zilipofungwa mwezi wa tatu mwaka 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipitishwa kwa radio na televisheni. Madarasa ya mwisho yalirudi mwezi wa nane, wengine walingoja mpaka Oktoba. Mama mnakumbuka miezi ile. Tulipopokea watoto tena, tulijua upesi nani alikuwa na mtu wa kukaa naye karibu na radio. Sauti ilifika kwa wote wenye radio, ila mtoto aliyesikiliza peke yake alichoka haraka.

Zanzibar walijua hilo mapema. Kuanzia mwaka 2006 walikuwa na masomo ya radio kwa watoto wadogo yaitwayo Tucheze Tujifunze. Mtangazaji anauliza, ananyamaza kidogo, watoto wanajibu. Anaimba, nao wanaimba na kuruka. Watoto walikusanyika katika vituo vya mtaani, na mtu wa jamii hiyo hiyo aliyefundishwa kazi alikaa nao kuwaongoza. Masomo ya namna hii yana faida mbili: mtoto anajifunza hesabu na herufi, na mtu mzima anayemwongoza anajifunza namna ya kufundisha. Kikundi cha mama chenye radio moja na mti wenye kivuli kinaweza kuelewa jambo hilo kuliko ofisi nyingi.

Mama mwalimu asiachwe nyuma

Sasa tuseme jambo linalotugusa sisi wanawake tunaofundisha. Mafunzo ya walimu yanapotangazwa, mara nyingi jina linalopelekwa ni la mwanaume. Wanasema mama ana mtoto mchanga, mama hawezi kulala safarini, mume atakataa. Mafunzo yakifanyika Kasuku, mwalimu wa Alunguli anavuka mto kwa mtumbwi asubuhi na anarudi jioni, na nauli ni yake. Kwa mwalimu wa Punia au Kabambare, tusiseme. Na nyumbani, kama kuna simu moja kubwa, mara nyingi inakaa mfukoni mwa baba.

Matokeo yake ni kwamba shule inapopata kompyuta, anayeijua ni mwanaume mmoja, ufunguo ni wake, na wasichana wanaona kila siku kwamba mashine ni kitu cha wanaume. Akihamishwa, ujuzi unaondoka naye.

Dawa si ngumu. Mafunzo yafanyike shuleni, saa za kazi, kidogo kidogo kila juma, si siku tano mbali na nyumbani mara moja kwa miaka mitatu. Wafundishwe wawili kwa kila kazi, na mmoja awe mwanamke. Anayetumwa nje akirudi afundishe wenzake kabla ya juma mbili kuisha. Na nyinyi mama wa AVEC na wa likelemba, mnaweza kumkopesha mwalimu mwanamke pesa ya simu kama mnavyomkopesha mwenzenu mtaji wa mafuta au samaki. Mkopo huo utarudi kwenu mara mbili: kwa franka na kwa mtoto anayesoma.

Simu ina miiba

Hatuwezi kusifu simu bila kusema hatari yake. Simu iliyo mikononi mwa mwalimu isiwe mlango wa kumfikia msichana usiku. Shule iwe na kanuni iliyoandikwa na kubandikwa: mwalimu hamwandikii mwanafunzi meseji ya pembeni; tangazo linapita kwa mzazi au kwa kikundi ambamo direkta yumo. Picha na video za watoto hazitoki nje ya shule bila ruhusa ya mzazi, na hazipandishwi katika mitandao kutafuta sifa. Mwanafunzi haji na simu kalasini kwa sababu tu mwenzake anayo. Mama akiona kanuni hiyo inavunjwa, asinyamaze kwa kumwogopa mwalimu. Sisi walimu wenyewe tunamwomba aseme.

Maswali ya kubeba mkutanoni

Komite ya wazazi, COPA, ni yenu, na nyinyi mna haki ya kusema humo. Shule ikileta habari ya kompyuta au tableti, ulizeni haya:

Kwanza, itasaidia somo gani, na katika kalasi gani? "Ni maendeleo" si jibu.

Pili, walimu watakutana siku gani ya juma kujifunza, na nani atawaongoza? Kama siku haipo, mashine isubiri.

Tatu, kati ya watakaofundishwa, wanawake ni wangapi?

Nne, umeme utatoka wapi, na pano ya jua au batri ikifa, pesa ya kutengeneza iko wapi? Kitu kisicho na pesa ya matengenezo kina siku chache za kuishi.

Tano, ufunguo utakaa kwa nani, na kuna daftari la kuandika nani ametumia na lini? Mwisho wa kila mwezi wa tatu COPA iombe kuliona daftari hilo. Kama kurasa ni tupu, mnajua la kusema.

Sita, asiyeweza kuchanga itakuwaje? Katika shule ya msingi ya serkali elimu ni bila malipo, na Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema hivyo. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango wa mashine. Katika sekondari ambako wazazi wanalipa, hesabu isomwe mbele ya wote.

Direkta mzuri hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi, kwa sababu yanampa nguvu ya kuwaambia walimu: wazazi wanangoja kuona kazi. Na kama shule yenu haina hata mashine moja, msione imechelewa. Ulizeni tu kama yunite pedagojike inakutana. Walimu wanaokutana kila juma na kuonyeshana kazi wako tayari kwa chombo chochote kitakachokuja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu peke yake amechoka, direkta peke yake anaogopa, mama peke yake anaambiwa hajui mambo ya shule. Mkutano ujao wa COPA, nendeni wawili au watatu wa kikundi kimoja, kaeni mbele, na mmoja wenu aulize lile swali la pili. Kisha mtuletee jibu mlilopewa, tulizungumzie hapa pamoja.